Zahanati ya Mitondooni

Nusu kilo ya sukari, miche miwili ya sabuni ya kufulia na doti moja ya khanga. Inspekta Saburi alivipanga juu ya meza ya kituo cha polisi Kibaha, kisha akaugeuza mkoba uliokuwa umevibeba na kuukung'uta. Ukatoka mchanga, basi.

"Miche miwili, afande," alisema Koplo Sikudhani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miaka kumi na minne kazini, na hakuwa mtu wa maneno mengi. "Wiki tatu sasa duka la ushirika halijaona sabuni."

"Mwizi gani anayeacha sabuni mwaka huu?"

"Simjui."

Ilikuwa Jumapili ya Julai 1983, saa tatu asubuhi. Mwenye mkoba, Mboni, mwalimu wa hesabu kutoka Kisarawe aliyekuja chuoni kwa kozi ya likizo, alikuwa amelazwa hospitali ya Tumbi tangu Ijumaa. Wanawake waliokwenda kuokota kuni walimkuta kwenye shimo la mchanga huko Mbwawa, nyonga imevunjika na kichwa kimepasuka. Alikuwa amelala humo usiku kucha. Daktari alisema ataishi, lakini mpaka asubuhi hiyo hakuwa amefumbua macho.

Mgambo walikuwa wamemleta mtu mmoja aliyekutwa na mkoba, mchoma mkaa aitwaye Maneno. Inspekta aliagiza atolewe mahabusu. Maneno aliingia akiwa amekunja mikono kifuani, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha.

"Mkoba uliuokota wapi?"

"Njiani, bwana mkubwa. Pale njia ya chuo inapokutana na njia ya kwenda Picha ya Ndege. Jua lilikuwa linazama."

"Siku gani?"

"Alhamisi."

"Ulichukua nini ndani?"

"Sikuchukua kitu. Nilisema nisubiri mwenyewe aulizie."

"Palikuwa na daftari?"

"Daftari?" Maneno alimtazama kama aliyeulizwa habari za ndege. "Hapakuwa na karatasi yoyote. Ingekuwepo ningewashia moto, nisikudanganye."

Inspekta akaamuru arudishwe, apewe uji. Maneno alipotoka, Inspekta alimgeukia Koplo. "Mwenzake wa chumbani pale chuoni alisema nini kuhusu daftari?"

Koplo alifungua kijitabu chake. "Zubeda, mwalimu wa Mlandizi. Anasema Mboni hatoki bila daftari lake la buluu. Alhamisi saa nane kasorobo alimwona akilitia kwenye mkoba huu huu. Alikuwa anakwenda barabarani kumpa mtu mzigo aupeleke kwa mama yake."

"Kwa hiyo aliyemvamia aliacha sukari, aliacha sabuni, akachukua daftari. Huyo hatoki kijijini. Ametoka chuoni."

"Na chuo kinafungwa kesho," alisema Koplo. "Saa kumi na moja alfajiri mabasi yanawachukua. Mwanza, Songea, Kigoma, kila mtu kwao."

Inspekta alivaa kofia.

Chuo kilikuwa majengo manne ya bati nyuma ya mikorosho. Kwa wiki tatu za likizo kilikuwa kimepokea walimu na watakwimu ishirini na tisa, waliokuja kujifunza kuandika programu za kompyuta. Kompyuta yenyewe haikuwepo. Programu ziliandikwa kwa penseli, na kila Ijumaa gari lilizipeleka Dar es Salaam kutobolewa kwenye kadi na kuingizwa mashineni, majibu yakarudi wiki inayofuata.

Mkuu wa kozi, Dokta Mwinyijuma, aliwapokea maktabani. Alikuwa mzee mwembamba, shati limepigwa pasi, macho hayakuwa yamepata usingizi.

"Mnafundisha nini hasa, Dokta?" aliuliza Inspekta.

"Fankisheni, ndugu yangu. Watu wamezoea kuiamuru kompyuta: fanya hiki, kisha kile, kumbuka hiki, futa kile. Sisi tunawafundisha kueleza jibu lenyewe ni nini. Unaipa fankisheni orodha, inakupa orodha nyingine. Ile ya kwanza haiguswi. Ukiipa kitu kilekile kesho, itakupa jibu lilelile."

"Na Mboni alikuwa mwanafunzi wa namna gani?"

"Hodari. Mwaka jana alikuja mara ya kwanza, na mwaka huu nikamwita tena mimi mwenyewe."

"Alhamisi mchana wenzake walikuwa wapi?"

"Hapa. Kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja walifanya zoezi la saba kwa mkono, hatua kwa hatua, kama mashine ingefanya. Mboni aliomba ruhusa. Wengine ishirini na nane walikusanya karatasi zao, ninazo mimi. Msaidizi wangu, Ndugu Mwinyimadi, alisimamia. Hii hapa sahihi yake."

Inspekta aliangalia daftari la mahudhurio, kisha akatazama chumba. Meza ya msimamizi ilikuwa nyuma ya makabati mawili marefu ya vitabu. Mtu aliyekaa kwenye madawati asingeona zaidi ya mgongo wa kiti.

"Nawe ulikuwepo?"

"Niliingia mara moja, saa tisa. Nilibadilisha namba ubaoni. Orodha niliyoandika saa nane iliishia na nne, na nne nyingine ilikuwemo katikati. Nilisema hapana, mtu anaweza kukosea njia na bado akapata jibu. Nikaifuta ile ya mwisho, nikaandika kumi na nne. Wakalalamika, wakaanza upya."

"Ulimwona Mwinyimadi?"

"Niliona koti lake kitini. Sikwenda mpaka kule." Kisha, kama mtu anayetafuta habari njema mahali penye msiba, alichukua kijitabu chembamba mezani. "Kijana mzuri sana yule. Makala yake imechapishwa Ulaya, imefika Jumatano kwa posta. Ameshapata nafasi ya kwenda kusoma huko, anaondoka wiki ijayo. Ni programu ya kugawa chanjo kwenye zahanati za vijijini."

Inspekta alikipekua kijitabu. Kiingereza, alama ngeni, na kwenye ukurasa wa tatu safu ndefu ya majina. Alikirudisha.

Zubeda alipoitwa, alikaa ukingoni kabisa mwa kiti.

"Mboni aligombana na mtu?" aliuliza Inspekta.

"Na Ponsiano. Yule wa takwimu. Jumanne alitaka kuona daftari lake, Mboni akakataa. Ponsiano akamwambia mbele ya watu kwamba elimu si mali ya mtu binafsi. Tangu hapo hawakusalimiana."

"Na Jumatano, makala ilipofika?"

"Jumatano hakula. Nilimuuliza, akasema nitakuambia tukimaliza kozi."

Ponsiano alikuwa mtu wa miraba minne, na alijibu upesi mno. Ndiyo, waligombana. Ndiyo, Alhamisi alikuwa maktabani tangu saa nane. Hapana, hakutoka hata kwenda msalani.

"Nani atakushuhudia?"

"Karatasi yangu. Nani mwingine? Kila mtu alikuwa ameinamia yake."

"Usiondoke chuoni," alisema Inspekta.

Nje, Koplo alimwambia dereva wa polisi apime mafuta. Nusu tangi. "Inatosha kwenda Kisarawe na kurudi," alisema dereva, "kama hatupotei njia."

"Mama yake hajaambiwa," alisema Inspekta. "Chuo kimeandika barua. Barua itafika Jumatano. Twende."

Walipita Kiluvya, wakaiacha lami na kushika njia ya vumbi. Mama yake Mboni aliishi kitongoji cha Mitondooni, nyumba saba zilizotawanyika kwenye mihogo, ambapo gari halifiki. Waliliacha njiani wakatembea. Bi Mwanamkuu alikuwa uani akimenya mihogo ya kuanika. Macho yake yalikuwa na ukungu. Aliinua uso kufuata sauti za viatu.

"Hodi hapa. Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni. Nyie nao mmetoka chuoni kwa Mboni?"

Inspekta alimtazama Koplo. "Kuna mwingine aliyetoka chuoni?"

"Kaja kijana Ijumaa, jua la utosini. Kajitaja jina lake Ponsiano. Kasema Mboni anawasalimu, mzima, anaendelea vyema na masomo, ila kamtuma achukue daftari lake la mwaka jana, la kijani."

"Ukampa?"

"Sikumpa. Mboni alipokuja mwezi uliopita kanambia, mama, daftari hili hata akija nani, usimpe mpaka nije mwenyewe. Nikamwambia kijana, mwambie mwenzio aje. Kaning'ang'aniza. Kasema mama unamharibia mwanao masomo. Nikamkaribisha maji, kakataa, kaondoka."

"Uso wake uliuona?"

"Macho haya, baba? Naona kivuli. Lakini sauti naijua. Hata akiongea katikati ya watu kumi nitakwambia ni huyu."

Ijumaa, jua la utosini. Wakati huo zilikuwa zimepita saa nne nzima tangu Mboni atolewe shimoni. Koplo Sikudhani alivua kofia yake ya kazi, akachuchumaa mbele ya mama, akamtoa kisu mkononi taratibu.

"Mama, mimi ni askari. Mboni ameumia. Yuko hospitali, Tumbi. Yu hai."

Bi Mwanamkuu hakulia. Alikuwa bado ameukunja mkono kama ulioshika kisu. "Kaumia lini?"

"Alhamisi."

"Na yule kasema mzima."

"Ndiyo, mama."

Aliinuka, akaingia ndani. Walisikia kifuniko cha sanduku. Alirudi amejitanda khanga nyingine, daftari la kijani mkononi. "Kasema nisimpe mtu. Lakini nyie ni serikali. Nipelekeni kwa mwanangu."

Garini, Inspekta alilifungua daftari magotini. Hesabu hakuzielewa. Alielewa tarehe iliyoandikwa juu ya kila ukurasa, Agosti 1982, na mwandiko mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye ukurasa wa kumi na moja palikuwa na orodha ya zahanati za Wilaya ya Kisarawe na idadi ya watoto wa kila mahali. Maneromango. Masaki. Mzenga. Marui. Na ya mwisho, Mitondooni, watoto kumi na tisa.

"Mama," aliuliza bila kugeuka, "zahanati ya Mitondooni iko upande gani?"

"Zahanati?" Bi Mwanamkuu alicheka kidogo, cheko la uchungu. "Hatuna zahanati, baba. Mtoto akiugua tunambeba mpaka Masaki. Mboni ndiye anayesema siku moja tutapata. Ameshaiandika kwenye vitabu vyake."

Inspekta alifunga daftari. "Dereva, ongeza mwendo."

Walimshusha Bi Mwanamkuu Tumbi, Koplo akambakisha mikononi mwa muuguzi. Saa kumi na robo walikuwa chuoni. Washiriki walikuwa wakifunga masanduku kwa kamba. Inspekta alipita moja kwa moja kwa Dokta Mwinyijuma.

"Ijumaa saa sita mchana, Ponsiano alikuwa wapi?"

"Ijumaa? Alikuwa ubaoni. Alifundisha wenzake kuanzia saa tano hadi saa saba, ilikuwa zamu yake. Watu wote walikuwepo."

"Wote?"

"Isipokuwa Mwinyimadi, alikuwa amepeleka programu Dar."

"Naomba ile makala."

Aliifungua ukurasa wa tatu, akaiweka kando ya daftari la kijani. Maneromango. Masaki. Mzenga. Marui. Mitondooni, kumi na tisa. Dokta alivaa miwani, akasoma, akageuza ukurasa wa daftari, akageuza wa makala. Alisoma muda mrefu. Alipoinua uso alikuwa amezeeka.

"Ni ileile," alisema. "Mpaka makosa mawili ya mwaka jana, na namna alivyoyasahihisha."

"Mwinyimadi ni mtu wa wapi?"

"Newala."

"Mitondooni haimo kwenye ramani yoyote, Dokta, wala haina zahanati. Nimetoka huko sasa hivi."

Koplo aliingia. Alikuwa amezungumza na Salumu, dereva wa chuo. "Anasema Ijumaa wakitoka Dar, Ndugu Mwinyimadi alimwambia apitie Kisarawe. Alimwacha njiani na gari, akaingia shamba kwa miguu, akarudi baada ya nusu saa amenuna. Alimwambia ni mambo ya jamaa yake."

"Hiyo ni Ijumaa," alisema Inspekta. "Alhamisi bado ana sahihi na koti. Dokta, karatasi za zoezi la saba ziko wapi?"

Zilikuwa kwenye bahasha, hazijasahihishwa. Inspekta alizipitia moja baada ya nyingine, akimwachia Koplo ahesabu. Kila moja ilikuwa na nne iliyokatwa mwishoni mwa orodha na kumi na nne pembeni yake, au ilikuwa imeanza upya nyuma ya karatasi. Ya Ponsiano ilikuwa imekatwa kwa hasira mpaka karatasi imetoboka.

"Ishirini na nane," alisema Koplo.

"Mwite Ndugu Mwinyimadi. Dokta, kaa hapo. Usiseme neno."

Mwinyimadi aliingia akifuta chaki vidoleni kwa leso. Alikuwa kijana mtanashati wa miaka thelathini na minne, mwenye sauti ya darasani.

"Ndugu Inspekta. Kuna nafuu yoyote hospitali?"

"Mama yake yupo naye. Nina swali la kazi yenu. Zoezi la saba, wewe kama msimamizi ulilifanya?"

"Lazima. Ndipo naweza kusahihisha." Alitabasamu. "Nililifanya papo hapo mezani kwangu, Alhamisi, wakati wao wanafanya."

"Saa ngapi mpaka saa ngapi?"

"Saa nane nilinakili orodha kutoka ubaoni. Nikamaliza kama saa kumi na nusu."

"Hukutoka?"

"Sikutoka. Sahihi yangu mmeiona."

"Ninaweza kuiona karatasi?"

Mwinyimadi aliitoa kwenye jalada lake na kumpa. Kurasa nne, safi, mwandiko wa mtu aliyekuwa na nafasi. Inspekta aliipitia hadi mwisho, kisha akampa Dokta. Mzee aliinama juu yake, kidole chake kikateremka kwenye mstari wa kwanza na kusimama. Akavua miwani.

"Orodha yako inaishia na ngapi, Ndugu Mwinyimadi?" aliuliza Inspekta.

"Nne."

"Soma ya Zubeda."

Akapewa. Akasoma. Leso ilisimama vidoleni.

"Soma na ya Ponsiano. Nyingine ishirini na sita ziko hapa, usiwe na haraka. Saa tisa Dokta aliingia humu, akafuta nne, akaandika kumi na nne. Watu ishirini na wanane walinung'unika kwa sauti. Ubao uko hatua sita kutoka kwenye kiti chako. Koti lako lilisikia. Wewe hukusikia."

"Huenda... huenda sikuzingatia. Nilikuwa nimezama kwenye kazi."

"Huenda. Ijumaa ulipitia Kisarawe kufanya nini?"

"Jamaa yangu."

"Jamaa yako ni Bi Mwanamkuu wa Mitondooni? Ulimwambia unaitwa Ponsiano. Ulimwambia mwanawe mzima. Haoni vizuri, lakini sauti anaijua. Tunaweza kwenda Tumbi sasa hivi, uingie wodini, umsalimie."

Mwinyimadi aliangalia dirisha, kisha mlango ambapo Koplo alikuwa amesimama, na mwisho meza, ambapo daftari la kijani lilikuwa wazi karibu na makala. Alivuta kiti akakaa bila kuambiwa.

"Koplo, kalamu," alisema Inspekta. "Ndugu Mwinyimadi, hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Nje mtu alikuwa akipigilia sanduku misumari.

"Nilitaka kuweka jina lake," alisema. "Nilipoandika makala nilisema nitaliweka la pili. Kisha nikasema nitamshukuru mwishoni. Halafu siku ya kuituma nikaona hata shukrani zitaleta maswali. Jumatano aliiona. Hakunipigia kelele. Alinipa mpaka Jumatatu nimwambie Dokta kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Alhamisi?"

"Nilimfuata njiani. Nilimwomba asubiri tu nifike Ulaya, nitarekebisha kutoka huko. Akakataa. Nikashika mkoba, nikadhani daftari la mwaka jana limo. Akaung'ang'ania. Tulikuwa ukingoni pa shimo, mchanga ukamomonyoka. Sikumsukuma. Naapa sikumsukuma."

"Mkoba ukabaki mkononi mwako."

"Nikatoa daftari. Lilikuwa la buluu, la mwaka huu. Mkoba nikautupa njiani. Daftari nililichoma jikoni kwa wapishi."

Dokta Mwinyijuma aligeuza uso ukutani.

"Hukushuka kumtazama?" aliuliza Inspekta.

"Hapana."

"Kwa hiyo ulidhani amekufa."

Kalamu ya Koplo ilisubiri juu ya karatasi.

"Nimekuuliza, Ndugu. Ulipoondoka, ulidhani amekufa?"

"Nilijua hajafa."

"Ulijuaje?"

"Alikuwa anaita." Sauti yake ya darasani ilikuwa imekwisha, ikabaki nyingine ndogo. "Nilimsikia mpaka nilipofika kwenye mikorosho. Nilikuja hapa, nikavaa koti, nikapokea karatasi zao saa kumi na moja. Nikala nao chakula cha jioni."

"Alikuwa anamwita nani?"

"Mimi." Aliikunja leso mara mbili, akaikunjua. "Alikuwa anasema, 'Mwalimu, umepata njia ya kushukia?' Alidhani bado nipo pale juu, namtafutia njia."

Koplo Sikudhani aliandika sentensi hiyo yote, akaweka nukta, akamgeuzia karatasi aweke sahihi.